Jina Lililoombewa Nje ya Mlango

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni.
Jumanne, 10 Juni.

Mpendwa mwanangu,

Nakusalimu kwanza kama mgonjwa, kisha kama mheshimiwa, na mpangilio huo ni wa makusudi. Mshono unaendeleaje? Homa imekuacha? Unakula, au bado unaishi kwa dripu? Dada yako ameniambia kwamba daktari amekuruhusu kuketi kitandani ukiegemea mto. Nimeshukuru kana kwamba nimeambiwa umekimbia. Sisi huku tu wazima. Goti langu linalalamika, lakini hilo lilianza kulalamika ungali shuleni.

Umeniuliza kupitia kwake kama watu wa nyumbani wamekutupa kwa sababu ya kura uliyopiga bungeni, na kama ujitoe katika uchaguzi. Sitakujibu kwa kukubembeleza. Nitaanza na neno lenyewe. Kampeni, kwa mujibu wa sheria mliyoipitisha ya kuipiga marufuku ibadani, ni tendo au tamko lolote linalofanywa ndani ya nyumba ya ibada, likimtaja mgombea, kwa nia ya kumwongezea au kumpunguzia kura. Zingatia sehemu zake: mahali, jina, nia. Mbili za kwanza hushuhudiwa na yeyote aliyepo. Ya tatu haina shahidi, na taabu yetu yote ilitokea hapo.

Hasira zilikuwepo, sikufichi. Watu walizoea kuona wagombea wakisimamishwa mbele na kuombewa kwa majina, wakahisi umewanyang'anya chao. Fundi wa kuchomelea mageti, aliyekuwa amebandika picha yako mlangoni pa karakana, aliikwangua kwa brashi ya waya. Yule mama wa kwaya tunayemwita Kipaza, kwa kuwa hajawahi kuhitaji kipaza sauti, alimsimamisha mama yako dukani. "Mwanao ametuchagulia cha kusema kanisani," alimwambia. "Bado kutuchagulia cha kupika." Mama yako alichukua chumvi yake akaondoka. Jumapili zilizofuata, benchi lake lilikuwa na nafasi pande zote mbili.

Kisha Jumamosi ile ikaja habari kwamba umefanyiwa upasuaji wa utumbo na hujazinduka.

Unaujua utaratibu wetu: mchungaji humtaja mgonjwa, ndugu yake husimama, ndipo kanisa zima huomba. Pasipo jina hakuna ombi. Kesho yake mama yako alisimama mapema, kabla hata wagonjwa wengine hawajamalizika kutajwa. Mchungaji alipomfikia aliinamia upande wetu wazee wa kanisa, akaninong'oneza: "Mwalimu, huyu ni mgombea. Nikimtaja, nimevunja sheria?"

Wakala wa mpinzani wako alikuwa ameketi safu ya tatu. Nilimjibu mchungaji nilichokijua: kwa nia yako, hapana, ila nia yako hakuna atakayeiona. Lilikuwa jibu sahihi na halikumsaidia hata chembe. Akaifunga orodha ya wagonjwa bila kulitaja jina lako. Mama yako akabaki amesimama.

Halafu akatoka nje. Hakumlaumu mtu, alichukua mkoba wake tu akaufuata mlango. Wa kwanza kumfuata alikuwa Kipaza. "Mama, usiende, tunakuja," alisema, na kwa sauti ile hakuna aliyeweza kusingizia kwamba hakusikia. Mabenchi yakaanza kukwaruza sakafu. Tulisimama uani kando ya tangi la maji, juani, bila mimbari na bila utaratibu, na mama yako akalitaja jina lako mwenyewe, lile la utotoni. Fundi aliomba kwa ufupi: "Mponye, Baba, arudi tugombane naye vizuri." Watu wakacheka huku wanafuta macho. Hata wakala alitoka, kofia mkononi. Baadaye aliniambia, "Mwalimu, kura yangu haipati. Uzima aupate."

Basi, hawajakutupa. Hilo nalisema kama mtu aliyekuwepo, si kama mtu wa ukoo.

Nami nina shukrani yangu, ambayo sikukuletea siku ulipopiga kura kwa kuwa sikuwa na ushahidi wa kutosha. Jina lako lilitajwa mle ndani miaka mingi, na kila mara nyuma yake kulikuwa na kitu: mabati, viti, ahadi. Siku ile lilitajwa na watu ambao hawakutarajia kupata lolote kwako; hata kwamba utaamka hawakuwa na hakika. Sheria yako iliwafungia mlango wa ndani, wao wakatoka nje kwa hiari yao. Nashukuru kwamba uliipigia kura, na nashukuru zaidi kwamba nimeishi nikaona walichokifanya nayo.

Kuhusu kujitoa, usiamue ukiwa umelala. Ngoja mshono ukauke.

Mama yako anakusalimu, na siku hizi benchi lake halina nafasi. Kipaza humwimbia sikioni, naye anavumilia. Mchungaji anakusalimu. Dada yako umwambie nimempata fundi wa redio yake. Naye fundi wa mageti anaomba picha nyingine. Ile ya kwanza, anadai, iliharibiwa na mvua.

Mwenyezi Mungu akurudishie nguvu, kwanza za kutembea, kisha za kubishana.

Ni mimi akupendaye, hata ninapokusahihisha,
Baba yako mdogo.

Nyongeza: Nimeifunga bahasha nikaifungua tena kwa ajili ya ile picha. Mahali palikuwa nje, na nia yetu ilikuwa safi, hilo naliapia. Lakini tangu siku ile wengi waliokuapiza wananiambia watakupigia kura. Sasa niambie, mwanangu, wewe uliyeipigia kura sheria: pale uani, tulikuwa tukiomba au tulikuwa tukikupigia kampeni?