Kidole Gumba Kwenye Picha

Gitega, 8 Juni 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila magoti yananiuma kidogo. Mgongo wako je? Na maharagwe ya huko Mwakiro yamenusurika na mvua? Mpe Mama pole ya kikohozi. Lucia, ninayekaa naye chumba kimoja, anawasalimu.

Nimepata habari kwamba mdogo wangu Upendo anaolewa Agosti, na kwamba umeshautangazia ukoo mzima kuwa mimi, mwalimu mwenye cheti, nitawafundisha maharusi dansi ya kufungulia sherehe. Habari hiyo imeninyima raha, Baba. Ndiyo maana naandika.

Unakumbuka siku niliyoaga kuja shule ya dansi hapa Gitega. Ulinishikisha rozari ukaniapisha kwamba nitajifunza hizo dansi za ukumbini, waltzi na tango, bila mwanamume kunishika. Nikaapa. Shuleni walinicheka, lakini sikulegea. Miaka miwili nilicheza na wasichana wenzangu tu, na kwa kuwa kila mmoja alihitaji mwanamume wa kumwongoza, mwanamume nikawa mimi. Lucia nilimfundisha mwenyewe kunyoosha mabega, nikambembeleza siku alizotaka kuacha.

Siku ya mtihani msimamizi alisema mwalimu hupimwa pande zote mbili, upande wa kuongoza na upande wa kuongozwa. Akamwita Prosper, kijana mpole wa Giheta, acheze nami. Niliomba nicheze na Lucia, akasema kanuni ni kanuni. Mkono wa Prosper ulipogusa mgongo wangu nikaikumbuka rozari yako. Nikajitoa, nikaenda kukaa.

Nilianguka mtihani, Baba. Niliangushwa na utii wangu kwako, na uchungu huo bado ninao. Lucia alipita, sasa anafundisha. Mimi wameniweka niwashike mabibi harusi wanaokuja kujifunza, wakati wachumba wao wamechelewa. Mchumba akifika namkabidhi mtu wake, naenda kupanga viti.

Sasa nakuungamia. Ile picha ya cheti niliyokutumia, uliyoitundika sebuleni na kuwaonyesha wageni, ni ya cheti cha Lucia. Nilikishika hivyo makusudi, kidole gumba kikafunika jina. Wewe ukasema nimekishika kwa madaha.

Nitarudia mtihani Septemba. Tangu Jumatatu nafanya mazoezi na Prosper, ananishika mgongoni mbele ya watu wote. Kiapo nimekivunja na sikuombi ruhusa. Nimekasirika, Baba, na bado nakupenda.

Harusini nitakuja. Ukitaka bado niwafundishe, nitawafundisha. Ukiona aibu, nitakaa jikoni na shangazi Paskazia nimenye ndizi. Ila picha hiyo naomba uishushe kabla sijafika. Kilicho changu humo ni kidole tu.

Msalimie Mama, Upendo na majirani wote wanaoniulizia. Mungu awalinde mpaka tuonane.

Ni mimi mwanao,
Theodosia