Mama Tusajigwe, Jumamosi Lusungu Anakimbia

Mwaka umetimia, mama yetu Tusajigwe, tangu malaria ile kali ituondolee wewe, na leo hatukuandikii kwa kulia. Tuna habari! Jumamosi mwanao Lusungu anakimbia. Kilomita zote ishirini na moja, barabara ile ile ya Ipyana uliyoipenda, na asubuhi atajichoma sindano yake ya insulini kama ulivyokuwa ukijichoma wewe.

Wasiokujua wajue kwamba ulikuwa mkulima wa mpunga na kokoa hapa Ndandalo. Kisukari kilipokukuta watu wakasema, basi, huyo sasa ni wa kukaa kitako. Wewe ukaenda mnadani ukarudi na raba za mtumba! Ulikimbia kwenye kingo za majaruba, ukirudi unajitoboa kidole, unatazama kipimo cha sukari, unashangilia peke yako kama umefunga goli. Insulini yako ilikaa kwenye chungu cha mchanga wenye unyevu isiharibiwe na joto, na hata kuku walijua hapo hapasogelewi.

Mimi Felista kazi yangu ilikuwa baiskeli. Nyuma yako, na soda na ndizi mbivu kwenye kikapu. Nikiona mabega yanalegea nakuamkia kwa kilugha chetu, "Mwagonile, mama!" Ukijibu, "Ndaga, mwanangu, kanyaga!" tunaendelea. Ukininunia, nashuka upesi nikupe soda. Wewe hukuwahi kuiacha salamu ya mtu, ila sukari ikishuka ulikuwa mtu mwingine kabisa.

Ndivyo ilivyokuwa kwenye mbio zako za kwanza, karibu kabisa na kumaliza. Nilikuamkia, ukanifokea, "Niondokee hapa!" Ulikuwa unayumba, jasho limekuwa la baridi. Nikafungua soda. Mama Jubilate, mwenzako wa kwaya, akaninyang'anya.

"We mtoto, una akili kweli? Mtu ana kisukari unampa soda? Unataka kumuua?"

"Mama, sukari imeshuka. Lazima anywe."

"Imeshuka si ndiyo vizuri!"

Kina mama wote wakaitikia, wanakupepea kwa khanga, kwa upendo kabisa, huku wewe unazidi kulegea mikononi mwao. Nikamwambia, "Basi mwamkie. Akikujibu, imwage hiyo soda."

Akakuinamia. "Mwagonile, mama Felista?"

Ukamtazama. "Wewe ni nani?"

Mtu mliyeimba naye tangu usichana! Ni yeye mwenyewe aliyekuwekea chupa mdomoni, anakubembeleza kama mtoto mchanga. Tulikaa pale tukisubiri. Halafu ukafumbua macho vizuri.

"Ndaga, mama Jubilate. Mbona mmenizunguka kama msibani? Na soda mmeniachia nusu, nyingine kanywa nani?"

Walicheka mpaka khanga zikawadondoka. Ukapumzika, ukapima, ukatembea hadi mwisho, ukawa wa mwisho kabisa, na ukacheza pale kuliko aliyeshinda.

Ulipoondoka, Lusungu alizifungia raba zako sandukuni. Yeye naye ana kisukari, na aliogopa kuanguka mahali ambapo wewe hupo. Sikumsukuma. Nilipaka baiskeli mafuta tu, kila wiki, mbele ya macho yake. Siku moja nikamkuta amekaa mlangoni anafunga kamba za raba.

"Dada, utakuwa nyuma yangu?"

"Nipo."

Sasa kwaya nzima itasimama barabarani Jumamosi na soda! Mama Jubilate ametangaza kanisani: "Mkimbiaji asiyenijibu salamu, anakunywa, atake asitake!"

Na jana, mama, kwenye mazoezi, pale pale ulipoyumba, niliona mabega ya Lusungu yanalegea. Nikamwita, "Ugonile, Lusungu!"

Akageuka anahema, uso mzima kicheko.

"Ndaga, dada, kanyaga!"

Nilikanyaga, mama, huku machozi yananitoka.

Tunakukumbuka sisi: mume wako Yohana, watoto wako Felista, Gwamaka na Lusungu, ndugu zako wa Njisi na wa ng'ambo Malawi, na wanakwaya wenzako.

Hatutakusahau kamwe, mama. Jumamosi, tukifika pale ulipoyumba, tutakuamkia.