Vikombe Mia Mbili

Mdogo wangu,

Huku tu wazima. Paa la jikoni limezibwa, na paka amezaa ndani ya kabati langu.

Rasimu ya makala yako imefika. Umeandika kwamba mkono wa roboti ulishika vikombe mia mbili bila kuangusha hata kimoja. Lini? Fundi anayekufanyia majaribio hapa maabara ni mimi. Vikombe vilikuwa kumi na viwili, tisa nikavizoa kwa ufagio, na mkono wenyewe uko mezani kwangu, mota ya kiwiko imeungua.

Uliniambia akili mnemba inakunyooshea sentensi tu. Naona imenyoosha na vikombe. Jina langu litoe humo.

Tangu jana narudia kuisoma ile barua uliyoniletea ulipokosa mazishi ya mama. Nililia nayo, nikaiweka chini ya mto. Sasa naona inasifu “sauti yake ya upole.” Mama yetu huyu? Aliyekuwa akikuita wewe, wanaitika majirani watatu?

Niandikie upya rambirambi ya mama. Safari hii andika wewe.

Dada yako