Kitenge kwa Wifi, Bandeji Kwangu

Mama,

Kamwene. Najua huwezi kuniitikia, lakini leo utanisikiliza, maana nina jambo na sina mwingine wa kumwambia.

Jumamosi tulimaliza matanga, shangazi akagawa nguo zako kama ulivyomwagiza. Kile kitenge cha njano ulichovaa siku ya kipaimara changu, nilichokuwa nakiomba tangu nasoma, amepewa nani? Tusajigwe. Mke wa kaka! Mimi uliyenizaa nimepewa kifurushi. Nikakifungua mbele za watu. Bandeji zako za miguu, zimefuliwa na kuviringishwa vizuri. Mama, nilitamani ardhi inimeze.

Nasema kweli, wivu nilikuwa nao tangu ulipohama Kilolo ukaenda kukaa kwa kaka na Tusajigwe, Uyole. Miguu ilipoanza kuvimba, mimi ulinificha, ukaifunika kwa khanga mbili, yeye ukamwonyesha. Kila asubuhi alipiga magoti, akaanzia vidoleni, akapandisha bandeji hadi gotini, huku mnacheka. Mimi nikija nakaribishwa chai kama mgeni.

Sisi huku tulisema umekanyaga kitu ulichotegewa. Yeye ndiye aliyekupeleka hospitali, na ndiye aliyenieleza kwenye simu. Kwamba mwilini kuna mishipa myembamba ya limfu, inazoa maji yanayobaki kwenye nyama na kuyarudisha kwenye damu. Mafuta yakizidi mwilini, mishipa ile inabanwa, inachoka, inavuja. Maji yanatuama miguuni, ngozi inakuwa ngumu na mchubuko mdogo tu unaingiza ugonjwa. Kwamba upungue uzito taratibu. Nikamjibu, "Wifi, umekuwa daktari lini?"

Halafu ukaanza kukonda. Hapo nikapata pa kumshikia. Mama mkwe akikonda kwa mkamwana, kila mtu anajua maana yake: ananyimwa chakula. Nikautangazia ukoo mzima. Nikawa napanda basi hadi Uyole na maandazi, na nyama ya nguruwe ya kukaanga, nakulisha chumbani mlango umefungwa. Ukala yote usinivunje moyo. Ukanishika shavu: "Mwanangu, una mkono mzuri wa kupika." Nilifurahi mno. Niliona nimemshinda.

Ukanenepa tena. Mguu wa kushoto ukapasuka, homa ikaingia, na hadi siku ya mwisho ni Tusajigwe aliyekuwa anakufunga. Hajanilaumu hata kwa neno moja. Bora angenitukana!

Sasa sikia ya juzi. Nimerudi shambani, navua soksi, alama ya mpira imezama kwenye nyama. Nikabonyeza kidole juu ya kifundo, shimo likabaki pale pale. Na mimi si mwembamba, unanijua. Sokoni wananisifu eti mume ananitunza. Nikakumbuka siku zile nakulisha, ulivyokuwa unatazama miguu yangu badala ya sahani.

Kumbe uliona. Jamani, Mama, si ungeniambia?

Jana nilijaribu kujifunga mwenyewe. Bandeji ililegea kabla sijafika jikoni. Nikakaa chini nikalia, kisha nikampigia yeye. Hakuniuliza mengi. "Njoo, wifi," alisema. "Tuanzie hospitali wakupime, halafu nitakufundisha kufunga."

Basi Alhamisi naenda. Nitamnyooshea mguu wangu, na kabla hajamaliza kuufunga nitakuwa nimemwambia yote: yale maandazi, ule mlango, na maneno niliyomtangazia. Nitamwomba msamaha. Na mguu huu nitautunza, sitaufunika kwa khanga. Hilo nakuahidi.

Pumzika, Mama yangu. Ila nikimkuta amevaa kile kitenge nitalia, na naomba usinicheke.

Mwanao wa Kilolo