Wa Tano Nyumbani

Ikolo, 3 Machi 2024

Baba mkubwa,

Shikamoo. Mugonile, umeamkaje? Goti linaendeleaje na mvua hizi? Sisi wazima. Naandika kwa kuwa kwenye simu hunisikii, unaishia kusema "eeh" tu. Hezroni wa bodaboda atakuletea.

Kipindupindu kimeingia kitongojini kwetu. Wagonjwa ni kumi na wanne. Kati yao tisa walikunywa ile chanjo ya mwezi uliopita, na watano hawakunywa. Mume wangu Gwamaka ananiuliza, "Tisa kwa watano! Sasa dawa ni ipi na sumu ni ipi?" Ndiyo nakuuliza wewe. Kwetu, mtoto wetu mdogo Asifiwe peke yake hakunywa, maana siku ile alikuwa na homa. Wauguzi wanarudi Jumamosi, mara moja tu. Nimpeleke?

Mwanao,
Ikupa

Ipinda, 5 Machi

Mwanangu Ikupa,

Marahaba. Goti linauma likitaka. Mpe pole Gwamaka, swali lake si la kijinga. Nimelisahihisha kwenye madaftari miaka thelathini.

Ukiona matunda mengi ya kakao yaliyooza yametoka kwa jirani yangu Emanueli, usiseme shamba lake ni bovu. Uliza kwanza ana miti mingapi. Nimemwomba mwenyekiti wenu hesabu: mko mia tano. Waliokunywa ni mia nne na hamsini, wasiokunywa hamsini tu. Tisa katika mia nne na hamsini ni wawili katika kila mia. Watano katika hamsini ni kumi katika kila mia. Wawili, na kumi! Chanjo imezuia wanane katika kila kumi ambao wangeugua. Ni sawa na wanne katika kila watano.

Mpeleke mtoto.

Baba yako mkubwa,
Anyelwisye

Ikolo, 7 Machi

Baba mkubwa,

Shikamoo. Ndaga fijo, asante sana kwa barua. Tumeisoma mara tatu na sasa ndiyo tumechanganyikiwa kabisa.

Umesema inalinda wanne katika watano. Nyumbani tuko watano. Mimi, Gwamaka, na watoto wakubwa Ambwene na Doreen tumekwisha kunywa, ndio wanne. Gwamaka anasema nafasi zimejaa, wa tano ni Asifiwe, na kwake haitafanya kazi. Nikamwambia, "Si basi la Mbeya hili!" Akasema, "Haya, muulize mwalimu wako." Usiku sikulala. Nikimpeleka bure je? Na nisipompeleka?

Halafu hujasema: wewe umekunywa?

Mwanao,
Ikupa

Ipinda, 8 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kosa ni langu, nilipunguza hesabu mpaka ikatoshea nyumba yako. Hakuna nafasi zinazojaa. Hesabu ile ni ya watu wengi wakiwekwa pamoja, haimjui Asifiwe wala mimi. Mnaweza kulindwa wote watano. Anaweza kukosa kinga mmoja, na anaweza kuwa wewe. Anayekunywa anapunguza hatari yake mwenyewe, iwe mwenzake amekunywa au hakunywa.

Umeniuliza. Sijanywa. Nilijipigia hesabu: jirani zangu karibu wote wamekunywa, ugonjwa utanifikia kutoka kwa nani? Wale hamsini wenu huenda wengi walisema hivyohivyo. Nimeona aibu kuandika haya. Nimevaa viatu, naelekea zahanati sasa hivi, na barua hii nampa Hezroni njiani.

Kesho ni Jumamosi, Ikupa.

Baba yako mkubwa,
Anyelwisye

Ikolo, 10 Machi

Baba mkubwa,

Shikamoo, na pole kwa foleni. Hezroni kasema ulisimama muda wa saa mbili na goti hilo.

Asifiwe amekunywa. Nusu aliitema kwenye gauni langu, muuguzi akampa nyingine. Gwamaka alibaki nyuma kidogo, kama mtu asiyetujua.

Sitakudanganya, ile ya kila mia bado inanizunguka kichwani. Jioni Gwamaka akauliza tena, "Sasa atakayekosa ni nani?" Nikamjibu, "Mimi sijui, wewe hujui, na baba mkubwa na elimu yake yote hajui." Kisha akachukua shoka, akaenda kupasua kuni, nami nikateka maji kwa sufuria kubwa. Tumechemsha maji ya wote watano.

Mwanao,
Ikupa