Mhandisi Wangu na Mawe ya Volkano

Jumatatu, 11 Oktoba 1999
Chai, mkate, kisha kushuka kazini pamoja kutoka mtaani kwetu Mbugangari. Wiki ya tatu ya ndoa, na bado nikimwona Faustin akifunga kamba za viatu moyo unaruka. Mhandisi wangu! Yeye anatunza mitambo ya redio ya shirika, mimi napiga taipu. Leo amefika mtaalamu kutoka Ulaya kusimamisha mnara mpya. Faustin akanyoosha mkono amsalimie. Mtaalamu akamtundikia begi, akauliza gari liko wapi. Kabera, dereva wetu, alicheka hadi akakohoa kuona mhandisi amegeuzwa dereva: "Ingénieur, leo we ndiyo chauffeur? Bon, mi naenda kulala!" Faustin naye akacheka. Mimi sikucheka.

Jumatano, 13 Oktoba
Nakumbuka siku ya kwanza. Nilikuwa nimerudi kutoka Bukoba baada ya miaka mingi, simjui mtu. Yeye juu ya mnara wa zamani, shati jeupe, ziwa lote nyuma yake. Akashuka, akaomba maji, akanieleza habari za radi saa nzima. Nani humpata msichana kwa hadithi za radi? Faustin.
Leo radi imeleta ugomvi. Mtaalamu amepigilia fimbo moja ya shaba chini ya mnara ili radi iingie ardhini. Faustin amepima: chini ni mawe ya volkano, umeme haupiti. Anataka waya mrefu uzikwe hadi udongo wa majimaji bondeni. Mtaalamu hakutazama hata kipimo. Akamwambia avute kebo.

Jumapili, 17 Oktoba
Misa. Mvua. Tumetazama picha za harusi. Spika zilipozima, bwana harusi alivua koti akazitengeneza, shangazi zake wakipiga vigelegele. Jamani, siku ile!
Mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi. Waliahidi kumpa cheo cha mhandisi. Asipopata ataenda Kigali kutafuta kazi. Nitabaki peke yangu. Sitaki.

Jumanne, 19 Oktoba
Radi imepiga mnara mpya. Redio zote zimeungua, na kompyuta mbili. Hakuna aliyeumia.

Alhamisi, 21 Oktoba
Nimepewa ripoti ya mtaalamu niipige taipu. Chanzo: "kosa la fundi wa hapa." Ningeweza kubadilisha sentensi moja tu. Nilimwonyesha Faustin, ingawa si ruhusa.
"Andika yote vile iko, chérie, usiguse kitu," alisema. "Kisha utaandika na yangu."
Kurasa mbili kwa mkono. Vipimo vyote, na siku alipovichukua. Nikazipiga, nikazibana na ile nyingine, nikampelekea Madamu, mkuu wetu.

Jumatatu, 25 Oktoba
Madamu amempeleka Faustin mnarani, akampimisha tena mbele ya mtaalamu. Namba zilezile. Mtaalamu alisema mawe haya hakuyajua. Hakuomba radhi.

Ijumaa, 29 Oktoba
Mkataba umetoka. Miaka miwili! Cheo: fundi msaidizi. Faustin ameurudisha bila kutia sahihi. Namwonea fahari. Naogopa. Nimelia chooni.

Jumatano, 3 Novemba
Madamu ameniita asubuhi, akanipa mkataba niupige upya. Mshahara uleule. Amekata maneno mawili kwa kalamu, juu yake ameandika moja: mhandisi. Nililipiga polepole, herufi moja moja. Faustin alitia sahihi saa nne, akarudi bondeni kwa wachimbaji wa mfereji wa ule waya wake.