Matundu ya Gazeti

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti limepunguza ukorofi. Mimi sijambo, ila kikohozi cha hapa na pale.

Ni miezi tisa tangu nifungwe, na najua uliapa kutoniandikia mpaka nimwombe jaji radhi. Leo siandiki kwa ajili ya hilo. Naomba msaada mdogo. Gazeti hutufikia siku ya pili yake, na humu gerezani habari za kesi haziruhusiwi kuingia, ziwe za gazetini au za baruani. Za baruani hupakwa wino. Za gazetini hukatwa kwa mkasi. Sasa ukurasa wa mahakama umepigwa chapa nyuma ya chemshabongo. Habari ikikatwa, vidokezo vyetu navyo vinakwenda. Mimi na Fundi Saa, mwenzangu wa chumba aliyekuwa akitengeneza saa huko nje, tunabaki na visanduku vitupu na tundu.

Jana tumekosa vidokezo vya kwenda chini, cha tisa hadi cha kumi na tano. Wewe hununua gazeti hilohilo. Utatunakilia?

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima isipokuwa goti. Dada yako anakusalimu.

Barua yako ilikuwa na makosa manne. Nimeyasahihisha na kukurudishia. Mtu aliyefungwa kwa kupiga chapa tangazo la mgomo hana udhuru wa kusahau nukta.

Msimamo wangu haujabadilika. Nilikuambia ukiri kosa, ukavimba kichwa, nayo miaka saba si mchezo. Hata hivyo chemshabongo haina hatia. Cha tisa: "Humpulizia mhunzi moto," herufi saba. Vilivyobaki nimevinakili nyuma ya karatasi hii. Majibu sitatuma, hata mkinipigia magoti. Swali huazimwa, jibu kila mtu hujitafutia.

Kunywa maji ya moto kwa kikohozi.

Baba yako

22 Aprili

Shikamoo, baba. Pole na goti. Kikohozi kimepungua.

Mhunzi ametuchosha siku mbili. Fundi Saa alishikilia kwamba anayempulizia moto ni mkewe. Nikamwambia herufi hazitoshi. Akasema, "Wewe humjui mke wa mhunzi, huyo anajaza nyumba, sembuse visanduku saba!" Hatimaye tukaupata mvukuto, na chumba kizima kikapiga makofi.

Sasa kila asubuhi watu huja kuuliza tundu la leo liko wapi. Kila tundu ni mtu, baba. Mwenyewe huwa hajui. Atajua siku atakapoitwa ofisini. Wengine tunatazamana tu. Rufaa yangu ilisikilizwa mwezi uliopita bila mimi kuwepo, na wakili hajaonekana tangu hapo. Basi nikilipokea gazeti, kabla ya kusoma neno lolote, naliinua kwenye mwanga.

Jumapili wenzangu huitwa kwenda kuonana na watu wao. Utakuja lini? Sikulaumu, nauliza tu.

Mwanao

5 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Sote tu wazima.

Kuhusu kuja: nilifundisha miaka thelathini na minne, na nusu ya askari wa nchi hii wamepita darasani kwangu. Sitakwenda kukaguliwa mifuko nao. Omba radhi kwanza, nami nitakuja siku ya pili yake.

Vidokezo mlivyokosa vimo humu. Siku hizi nanunua gazeti kabla ya chai, maana muuzaji hulimaliza mapema. Mkikwama, semeni.

Baba yako

15 Mei

Shikamoo, baba. U hali gani?

Gazeti la tarehe 13 limekuja na tundu kubwa kuliko yote. Limemeza vidokezo vyote vya kwenda kulia. Nilimwuliza Fundi Saa, "Sasa leo tunaanzia wapi?" Akasema macho yanamwuma, hawezi kuandika.

Naomba vidokezo, baba. Na upesi.

Mwanao

2 Juni

Shikamoo, baba.

Sina hakika kama barua yangu ilifika. Nimehesabu siku za posta, kwenda na kurudi, zimekwisha kupita, bado hujajibu. Ikiwa kimya chako ni adhabu, imenipata.

Jana nimeomba karatasi ofisini. Nimemwandikia jaji barua ya kuomba radhi, kama ulivyotaka tangu mwanzo. Imeniuma, lakini nimeandika. Fundi Saa aliniona nikiandika, akageukia ukutani.

Sasa huna sababu. Njoo Jumapili. Vidokezo si lazima.

Mwanao

14 Juni

Mwanangu,

Sijui nikuulizie hali wapi.

Barua yako ya tarehe 15 ilifika. Lakini mimi nilikwisha kujua. Tarehe 13, kabla ya chai, niliugeuza ukurasa nikayasoma ya upande wa pili. Rufaa yako imetupwa. Miaka saba imefanywa kumi na miwili, kwa sababu, wamesema, hukuonyesha majuto. Nimeyaandika wazi. Wakitaka kuyapaka wino, wayapake.

Nilikaa kukuandikia siku ileile. Sentensi ya kweli wasingeipitisha. Iliyopitika ilikuwa ya uongo. Nikafuta, nikaanza upya, nikafuta tena. Nina rasimu kumi na moja mezani. Kwa wiki nne nilitafuta namna sahihi ya kukwambia, wakati nilikuwa na miguu, hata kama mmoja ni mbovu.

Barua yako ya pili ilinifikia Alhamisi. Radhi umeiomba kwa ajili yangu, wiki tatu baada ya hukumu. Mahakamani haina kazi tena. Mimi ndiye niliyekufanya uinamishe kichwa bure.

Leo Jumapili nimekuja. Wamenikagua mifuko. Askari akafunua daftari lake, akashusha kidole hadi kwenye jina lako.

"Mzee, huyu kahamishwa Jumatano."

"Wapi?"

"Wenye kifungo kirefu hupelekwa mbali. Wapi, hatuambiwi."

"Mimi ndimi babake."

Akalifunga daftari. "Siku zote ulikuwa wapi, mzee?"

Hakusema kwa ubaya. Alitaka kujua. Watu kwenye foleni walikuwa wakisikiliza.

Nimeiandika barua hii nikiiegemeza kwenye ukuta wa nje, nimesimama. Askari ameipokea. Amesema hawezi kuahidi.

Ikikufikia, ujue kwamba nilikuja. Nilichelewa siku nne. Ukihesabu sawasawa, nilichelewa mwaka mzima.

Baba yako